Babu alikufa na kinyongo, mama anakumbuka raha: nimwandike yupi?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Naandika hadithi ya kihistoria kwa wasomaji wa miaka 11 hadi 14. Mhusika wangu ni binti wa miaka 10 anayekulia katika kijiji cha ujamaa upande wa Handeni, mwaka 1974. Mama yangu mzazi alikulia huko. Nimekwama mara mbili. Kwanza, kila nikieleza ujamaa, hadithi inageuka hotuba. Pili, sijui nimwambie msomaji kwamba kijiji kile kilikuwa kitu kizuri au kibaya. Mama anakumbuka raha tupu, lakini marehemu babu alikufa na kinyongo. Nimeambatanisha rasimu. Nifanyeje?
Msomaji, Handeni

Jibu: Marahaba, mwanangu. Rasimu yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu ya risasi, na kalamu ikagoma kwenye sentensi ya pili ya ukurasa wa kwanza. Umeandika kwamba watoto walitoka bwenini, wakakimbilia jiko kubwa la kijiji, wakanywa uji wa sufuria moja ya wote. Hilo jiko umelitoa wapi? Mama yako hakukuhadithia jiko hilo. Naweka dau la kahawa na kashata hapa Ngamiani, Tanga.

Nadhani najua lilikotoka. Hadithi nyingi za watoto waliolelewa katika maisha ya pamoja ni za nchi za nje. Katika kibbutz nyingi, vijiji vya pamoja vya Israeli, watoto walilala nyumba yao ya peke yao chini ya walezi, na kwa wazazi walikwenda saa chache za jioni. China nako, zilipoanzishwa komuni mwaka 1958, watu waliachishwa kupika majumbani wakawa wanakula kwenye mabwalo. Ukizisoma hizo kwa wingi, bweni na sufuria vinakuingia kichwani bila kupiga hodi. Kwetu "pamoja" iliishia shambani. Jioni kila mtu alirudi kwake, kwenye jiko lake, koroboi yake na siri zake. Cha wote kilikuwa shamba, ghala, pengine duka, na daftari la karani. Kwa hiyo ng'oa bweni na jiko. Kengele iache, ila iwe ringi ya lori iliyoning'inizwa mwembeni na kugongwa kwa nondo. La mgambo likilia lina jambo, na watoto tulijua kwa mdundo tu kama wanaitwa watu kazini, mkutanoni au kwenye moto.

Ukishaondoa jiko, ndipo hadithi inapopata pa kusimama, kwa sababu sasa binti yako ana mashamba mawili. Liko la nyumbani, eka chache za mahindi na mihogo, na liko la kijiji. Siku kadhaa za juma ni za kijiji, zilizobaki ni za nyumbani, na mvua haijui ratiba hiyo. Mvua ikinyesha siku ya kijiji, mama atapalilia mahindi ya wote huku ya kwake yakimezwa na magugu ng'ambo ya korongo, anayaona kwa macho. Hapo pana sura nzima ya kitabu, na hujaandika neno hata moja la siasa.

Nikupe moja langu. Mwaka 1974 nilikuwa darasa la tatu, kijiji kimoja upande wa Korogwe, na kazi yangu ilikuwa dungu. Watoto wa leo hawalijui, kwa hiyo lieleze kwa vitendo: nguzo nne, jukwaa la fito juu yake, kiezeko cha nyasi kisichozuia jua wala mvua, na mtoto aliyekaa juu na kombeo anaamia ndege na kufukuza nyani. Kwenye shamba la nyumbani nilipiga kelele mpaka sauti inakauka, maana baba aliyajua mabua yake kama alivyotujua sisi wanawe, likivunjwa moja anakuuliza lile la pale kichuguuni limekwenda wapi. Kwenye shamba la kijiji tulipangwa wanne. Wanne! Si tukawa tunacheza kombolela chini ya dungu. Nyani mzee mmoja alikuja akakaa pembeni akatutazama kitambo, kama mtu anayesubiri duka lifunguliwe, kisha akawaita wenzake. Walipoondoka, kona nzima ya shamba ilikuwa imelala chini. Jioni karani akapita na daftari, akahesabu vichwa vinne, akaziwekea nyumba zetu alama nne. Hakuna aliyechapwa. Kila mmoja wetu aliamini zamu ilikuwa ya mwenzake, na ninaamini hivyo mpaka leo.

Sasa angalia rasimu yako, ukurasa huo huo, pale chini: "Tatizo la mashamba ya pamoja lilikuwa watu kutojituma." Hiyo ndiyo hotuba unayoilalamikia. Mpandishe msomaji dunguni, umwache na nyani. Mtoto wa miaka 12 atalielewa jambo hilo vizuri kuliko wengi walioliandikia ripoti, kwa sababu naye ana zamu ya kufagia darasa.

Ninayo kanuni moja ninayowapa wote wanaoniletea hadithi za miaka ile. Neno "ujamaa" lisitoke kwenye kinywa cha msimulizi hata mara moja. Liwe midomoni mwa watu tu, na kila mdomo uwe na lake. Mwenyekiti analitamka kwa kusimama wima. Babu analitamka huku akitema mate ya tumbaku. Watoto wanalitumia kwa ujanja: mwenzio ana kipande cha muwa, unamwambia "ujamaa, ndugu", maana yake vunja nusu. Ukifika sura ya tano msomaji atakuwa na maana yake mwenyewe, na hukumpa wewe.

Turudi kwenye daftari, kwa sababu nadhani ndilo hazina yako. Mapato ya shamba la kijiji yaligawanywa kwa siku za kazi, na siku za kazi zilikuwa alama zilizowekwa na karani. Sasa fikiria hali ya wakati ule. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na miaka iliyofuata kila kijiji kilikuwa na ngumbaru, wazee kwa akina mama chini ya mti saa za alasiri, wakijifunza kuandika majina yao. Wengi walikuwa bado hawajafika mbali. Binti yako yuko darasa la tatu, anasoma vizuri. Katika nyumba ile yeye ndiye mwenye macho. Siku moja anatumwa kumpelekea karani chai, daftari liko wazi mezani, naye anasoma. Anaona jina la baba yake lina alama chache kuliko siku alizomwona akitoka na jembe. Au anaona jina la mtu ambaye hajawahi kumwona shambani, lina alama tele. Afanye nini? Akimwambia baba, baba atakwenda kugombana na mkubwa. Asipomwambia, atalala nalo. Hilo ni jambo la ukubwa wa mtoto kabisa, na ndani yake mna kijiji kizima.

Ila karani usimfanye nyoka. Nimeshachoka na makarani wenye vitambi na kicheko kibaya kwenye miswada. Huyu ni kijana aliyemaliza darasa la saba, ana kalamu moja, anaandika watu mia mbili jua likizama, na nusu yao wana jina moja na baba zao. Huenda ameiba, huenda amechanganya. Binti asijue kwa hakika. Mtu mzima aliyekuwepo naye hajui.

Kuhusu mwaka. Usiniandikie "miaka ya 1970" kana kwamba ni siku moja. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na maandishi ya Mwalimu Nyerere juu ya ujamaa vijijini yakafuata Septemba mwaka huo huo. Wakati huo ilikuwa kushawishi: njooni mkae pamoja, mtapata shule, maji, zahanati. Wapo waliokwenda kwa hiari, na wapo waliotangulia hata kabla ya Azimio, kama wale wa kijiji cha Litowa kule Ruvuma walioanza mwaka 1960, ambao chama chao cha maendeleo kilikuja kupigwa marufuku mwaka 1969. Novemba 1973 maneno yakabadilika, kuishi vijijini ikawa amri, na kazi iwe imekwisha kufikia mwisho wa 1976. Hiyo ndiyo Operesheni Vijiji. Aliyehamia kijijini mwaka 1969 akiimba na aliyehamishwa mwaka 1974 na lori la mgambo wana hadithi mbili tofauti kabisa, hata kama leo wanakaa nyumba jirani. Muulize mama familia yake ni ya lori au ya nyimbo. Kama binti ana miaka 10 mwaka 1974 na kijiji ni kipya, basi ni ya lori, na rasimu yako haina lori.

Na 1974 una jambo jingine la kubeba: njaa. Mvua zilikuwa mbaya, watu ndio kwanza wametoka kwenye mashamba waliyoyazoea, na nafaka ikawa inanunuliwa nje. Yakaja mahindi ya njano, ambayo unga wake watu waliuita wa Yanga kwa rangi ya jezi. Mtoto wa Handeni aliyezoea ugali mweupe anaona ugali wa rangi ya yai. Mwache aunuse kwanza. Mwaka ule ule tukaimbishwa "Kilimo cha Kufa na Kupona", na kwa mtoto neno "kufa" ndani ya kaulimbiu ya kilimo si mzaha, analala akilifikiria.

Sasa swali lako kubwa, la mama na babu. Unataka nikuambie yupi ana haki. Mimi nakuambia umebahatika, maana hadithi yako ni hao wawili wakiwa chini ya paa moja.

Fikiria walikotoka. Watu waliishi mbalimbali, nyumba tatu za ndugu hapa, mbili kule, katikati pori. Majina mengi ya Uzigua yanaanza na Kwa au Kwe, Kwamsisi, Kwamkono, Kwediboma, na ukiyasikia tu unahisi mahali pana mwenyewe. Mtoto wa nyumba tatu anacheza na nani? Na kaka yake mkubwa asiyemtaka, na mbuzi. Ghafla anahamishwa anajikuta kwenye mstari wa nyumba, watoto hamsini, shule inaonekana kutoka mlangoni, mpira wa matambara kila jioni, usiku wa mbalamwezi hakulaliki. Novemba 1974 TANU, chama tawala cha wakati ule, ilikutana Musoma, ikaamua kila mtoto awe shuleni kufikia mwaka 1977, na wengi waliingia darasa la kwanza wakiwa na miaka tisa, kumi, miguu imepita urefu wa dawati. Mama yako anakumbuka raha kwa sababu raha ilikuwepo. Alipata marafiki.

Siku hiyo hiyo, kwa lori hilo hilo, babu yako alipoteza miembe aliyoipanda mwenyewe, udongo ambao alijua wapi unashika maji na wapi haushiki, na makaburi ya wazee wake yakabaki porini bila wa kuyafyekea. Kijijini akapimiwa kiwanja kwa kamba kama mtu aliyekuja jana. Akaambiwa namna ya kupanda mahindi na bwana shamba wa umri wa mwanawe. Na kila jioni anamsikia binti yake akicheka nje. Hicho kicheko ndicho kilichomuuma, nadhani, kuliko lori. Atamchukiaje mtoto kwa kufurahi? Na mtoto atajuaje kwamba furaha yake inamchoma baba? Andika chakula kimoja cha jioni ambacho binti anasimulia mpira huku baba anatafuna kimya. Usimpatanishe na baba yake mwishoni mwa sura. Usimpatanishe hata mwishoni mwa kitabu, kama mzee mwenyewe hakupatana.

Unauliza pia, bila kuuliza waziwazi, kama useme nguvu ilitumika. Sema. Zipo sehemu nyumba zilibomolewa au kuchomwa ili watu wasirudi, na Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipotathmini miaka kumi ya Azimio mwaka 1977, alikiri kwamba visa vya watu kuonewa vilitokea, ingawa alikataa kwamba ndiyo ilikuwa hali ya kila mahali. Kufikia wakati huo serikali ilihesabu watu zaidi ya milioni 13 vijijini. Tarakimu hiyo usiiweke kwenye hadithi, ni ya kukutia wewe adabu unapoandika, ujue ukubwa wa jambo. Msomaji mpe kitu kimoja. Mimi ninachokikumbuka ni mtu aliyepita mbele ya nyumba yetu amebeba mlango kichwani. Mlango peke yake, na bawaba zake, hakuna kingine. Mbao ilikuwa ghali, na nyumba alikuwa ameiacha wazi. Nilimcheka. Mama yangu akanifinya sikio, hakuniambia kwa nini.

Mambo madogo nayapitia haraka. Kilindi ilikuwa sehemu ya Handeni mpaka 2002, kwa hiyo "Wilaya ya Kilindi" kwenye ukurasa wa pili ifute. Mwenyekiti wako amevaa kofia ya CCM mwaka 1974, na CCM ilizaliwa tarehe 5 Februari 1977, huyo ni wa TANU. Ndoo ya plastiki ya binti iwe debe, na juu ya maji weka matawi mabichi yasimwagike njiani, maana kutoka lamboni ni mbali na Handeni maji hayakuwa ya kuchezea. Pesa mpe kwa picha, kama watoto tulivyozijua: senti 5 ya samaki, 20 ya mbuni, 50 ya sungura. Binti anayetamani sungura kwa ajili ya daftari la shule, halafu anapewa mbuni, ameshakueleza hali ya uchumi. Na duka la mwenye duka, lile la yule mzee mwenye mizani, ukipeleka hadithi mpaka 1976 lazima lifungwe, kwa sababu mwaka huo ilikuja Operesheni Maduka, yakaachiwa maduka ya kijiji.

Maongezi yako ni mazuri, sina la kusema, isipokuwa watu wazima wako wote wanaongea kama redio. Kwenye mkutano ni "Ndugu Mwenyekiti", sawa. Mkutano ukivunjika anakuwa mjomba, au baba fulani, na watoto wanamwamkia shikamoo kama mzee mwingine yeyote. Hata Mwenyekiti anajikuta amemwita babu yako "ndugu" mbele za watu, na jioni anakuja kuomba radhi kwa kinyumbani, kwa sababu babu ni mkwewe. Kizigua kitie, lakini kidogo na kutoka kinywani mwa mama. Usikichukue kwangu, mimi mgosi wa kando ya reli.

Kuhusu kumhoji mama: acha kumuuliza alionaje. Anakujibu "ilikuwa raha" kwa sababu umemuuliza swali la kujibiwa hivyo. Muulize vitu. Walikaa upande gani wa lori. Nani alibeba kuku. Usiku wa kwanza walilala chini ya nini, maana nyumba haikuwepo. Jirani wa kushoto alikuwa nani na alikohoa vipi. Muulize pia juu ya mahame. Neno hilo ukilitamka polepole mbele ya mtu wa umri wake, utaona uso unabadilika. Watoto wa vijiji vile tulikuwa tunatoroka kwenda mahameni, kwenye nyumba zilizoanguka, kwa sababu miembe haikupewa taarifa ya operesheni na iliendelea kuzaa. Tulikwenda kuiba embe za baba zetu wenyewe.

Rasimu yako inaishia na binti akiwa mtu mzima, yuko mjini, anatazama nyuma na kuelewa yote. Kata. Mwishoni abaki na miaka 11. Ni Desemba, amepanda mwembe wa mahameni, kanga ya mama yake imejaa embe, na chini anamwona baba yake, ambaye aliaga kwamba anakwenda shamba la kijiji. Mzee amekuja na panga, anafyeka majani makaburini. Siku hiyo jina lake halitapata alama, na anajua. Hajamwona binti. Muulize mama kama mwembe ule uliyaelekea makaburi au uliyapa mgongo, ndipo utajua kama binti ana pa kujificha.